Pikipiki ya zamani haiwaki asubuhi mpaka isukumwe, ni kweli kabureta imekufa?

SWALI: Habari fundi. Nina pikipiki ya zamani ya cc 125, ya kabureta, stata ya umeme ilishakufa kitambo natumia kiki tu. Asubuhi naipiga kiki mpaka mguu unauma na haiwaki, ila nikiisukuma kidogo nikaiachia kwenye gia ya pili inawaka hapohapo. Ikishapata moto inatembea vizuri, nikizima nikapiga kiki tena inakubali. Siku hizi nikisimama bila kushika mafuta inazimazima. Nimebadilisha plagi mbili na filta ya hewa nimesafisha. Fundi wangu anasema kabureta imekufa ninunue nyingine. Kabla sijatoa hela naomba ushauri.

JIBU: Salama kaka, na asante kwa kueleza kwa kirefu, mana wengi wanaandika tu "haiwaki" halafu basi. Kabureta usinunue kwanza. Fundi wako anaweza kuwa sahihi, lakini kwa dalili ulizotoa kuna vitu vya kuangalia ambavyo havina gharama yoyote, na kimoja ninachokishuku kuliko vyote hakipo kwenye kabureta kabisa.

Hilo la kusukuma ndo limenipa picha kubwa. Ukisukuma, injini inazunguka kwa kasi kuliko unavyoizungusha kwa kiki, sa hapo magneti inatoa umeme wa nguvu zaidi, pistoni inavuta kwa nguvu zaidi kwaiyo mafuta yanapanda hata kama njia imebana, na hewa inayogandamizwa ndani ya silinda inakosa muda wa kuvuja. Kwaiyo washukiwa wako ni hao watatu: cheche dhaifu, njia ndogo ya mafuta imeziba, au kompresheni inavuja. Kazi ni kujua ni nani, na siyo kununua kitu kimoja kimoja ukiombea kitakuwa ndicho.

Kesho asubuhi kabla ya kusukuma fanya hivi. Piga kiki zako kama kawaida na choki ukiwa umeifunga (yani inabana hewa), ikigoma fungua plagi hapohapo usisubiri, iangalie. Ikiwa kavu kabisa na haina harufu ya petroli, mafuta hayafiki. Ikiwa imelowa, mafuta yanafika ila hayaungui. Nyeusi yenye masizi makavu kama ya chungu, basi inakula mafuta mengi kuliko hewa, na hapo angalia kama choki inafunguka vizuri na kama filta uliyosafisha imekauka kweli. Usibadilishe plagi ya tatu bila kuisoma hii ya pili.

Sasa cheche. Ivalishe plagi kofia yake, chuma chake kiguse mwili wa injini, mahali pasipo na rangi, na iwe mbali na tundu la plagi mana pale panatoka mvuke wa petroli na unaweza kushika moto usoni kwako. Piga kiki kwenye kivuli uangalie. Cheche nzuri inaelekea bluu na unaisikia inapasuka, ile ya njano au nyekundu nyembamba ni dhaifu. Ikiwa dhaifu usikimbilie kununua CDI (kile kiboksi kinachotuma umeme wa cheche), anza na kofia ya plagi, ichomoe kwenye waya (nyingi zimezungushwa kama skrubu), kata waya kidogo mpaka ufike shaba safi kisha uirudishe. Kwa pikipiki iliyokaa miaka mingi pale panaoza sana na hakuna anayepaangalia. Na pengo la plagi pia, nyingi zinataka kati ya 0.6 na 0.8 mm, usiamini kwamba mpya inatoka dukani ikiwa sawa.

Plagi ikiwa kavu, njoo kwenye mafuta. Legeza ile skrubu ndogo ya chini ya kibakuli cha kabureta uone kama petroli inatoka ya kutosha na ni safi haina maji, maji yanakaa chini kama matone yanayotembea peke yake. Ikitoka vizuri basi tatizo liko juu, kwenye jeti ndogo. Kabureta ina jeti mbili, kubwa inafanya kazi ukivuta mafuta na ndogo inafanya kazi wakati wa kuwasha na wakati injini imesimama bila kushikwa mafuta, yani hasa kule unakolalamika wewe. Itoe uielekeze kwenye mwanga. Tundu lake ni dogo sana, unatakiwa uone nukta ya mwanga ya duara, ukiona giza au nusu duara imeziba na utando wa petroli iliyokaa. Tafadhali usiingize pini wala waya wa chuma, ukishalipanua hilo tundu umeharibu jeti, tumia dawa ya kusafishia kabureta na upepo, ikigoma sana unyuzi mmoja wa shaba kutoka kwenye waya wa umeme. Watu wengi wanaambiwa kabureta imekufa kumbe ni hiki kijitundu. Na wakati uko hapo kagua ile raba inayounganisha kabureta na injini, ikiwa na nyufa inavuta hewa ya pembeni na choki haitakusaidia kitu.

Haya, ninachokishuku mimi ni tapeti, zile skrubu zinazosukuma valvu, yani milango ya silinda ya kuingiza mafuta na kutoa moshi. Na nakwambia kwa nini, pikipiki ikizeeka tapeti zinaanza kulia kidogo, mwenye nayo hapendi zile kelele, anamwambia fundi azibane, fundi anabana mpaka kimya, kila mtu anafurahi. Lakini kile kimya maana yake nafasi kati ya tapeti na valvu imeisha. Na hata kama hajazigusa mtu, valvu inavyokula kiti chake inapanda juu na nafasi inapungua yenyewe taratibu. Nafasi ikiisha, valvu haifungi mpaka mwisho, kompresheni inavuja, na kwenye mwendo wa polepole wa kiki ule uvujaji ndo unaonekana. Ikiachwa hivyo valvu ya moshi inaungua, mana joto lake inalitoa kwa kugusa kiti, sasa kama haigusi vizuri joto litaenda wapi? Kelele kidogo za tapeti hazijawahi kuunguza valvu, kimya cha kubanwa kinaunguza.

Kupima, injini iwe imelala usiku kucha, imepoa kabisa. Toa plagi, fungua vifuniko vya tapeti na kile cha magneti, zungusha nati ya magneti kwa spana upande uleule injini inaozungukia. Hapa wengi wanakosea: alama ya T kwenye magneti, inayoonyesha pistoni imefika juu kabisa, inapita mara mbili kwa kila mzunguko kamili wa kazi, na ni moja tu ndo ya kupimia. Kwaiyo angalia valvu ya kuingiza mafuta, ile ya upande wa kabureta, ishuke, ipande ifunge, halafu ile T inayofuata ndo yako, simamisha hapo. Usitegemee kutikisa mikono ya tapeti ili kujua mana kama zimebana hazitatikisika hata ukiwa mahali sahihi. Ingiza fila geji (kile kibati chembamba cha kupimia) kati ya tapeti na valvu. Injini nyingi ndogo za namna hii zinataka kati ya 0.05 na 0.10 mm, na mara nyingi ya moshi inakuwa kubwa kuliko ya kuingiza, fuata kitabu cha pikipiki yako. Fila ipite kwa kukwaruza kidogo. Ukikaza lokinati, ile nati inayoishika skrubu ya tapeti, pima tena, mana ukiikaza skrubu nayo inajizungusha.

Ukirekebisha na bado ngumu, mimina kijiko kidogo cha oili kwenye tundu la plagi, zungusha kidogo kwa kiki injini ikiwa imezimwa na plagi ikiwa imegusa mwili wa injini, rudisha plagi upige kiki. Mguu ukihisi ugumu umeongezeka sana, ringi za pistoni zimekwisha, oili imeziba nafasi yao. Isipobadilika, valvu hazikai kwenye viti vyake, hapo kichwa cha injini kifunguliwe zikasagwe, na hiyo ni kazi ya fundi mwenye utulivu.

Niandikie plagi uliikuta kavu au imelowa, na nafasi za tapeti ulizokuta kabla hujazigusa, zote mbili, ya kuingiza na ya moshi. Kwa hizo nitakwambia kama kabureta inahusika.