Jibu: Kanda za maulidi, MP3 au FLAC?

Assalaam alaykum, ndugu yangu. Umeuliza kama kanda za maulidi za marehemu babu yako hapo Langoni uzihifadhi kwa MP3 au FLAC, yaani miundo miwili ya faili za sauti za kompyuta, na kama kuna leseni ya kulipia.

Kwanza, kama kanda zimekwisha kuingizwa kwenye kompyuta, tazama herufi za mwisho za jina la faili: ikiwa ni .wma, huo ni muundo wa Microsoft, na baadhi ya programu haziufungui. MP3 haidaiwi ada tangu Aprili 2017, Fraunhofer, taasisi ya utafiti ya Ujerumani, walipofunga mpango wao wa leseni, lakini hukata sehemu ya sauti ili faili liwe dogo, na mlio mkali wa matari huumia mapema. FLAC ni huru na haipotezi kitu. Mimi hunasa kwa WAV, faili la sauti isiyobanwa, nikageuza kuwa FLAC, kisha nikatoa MP3 za kutumiana kwa simu. Kinyume chake, yaani kugeuza MP3 kuwa FLAC, hakifai, kwani kilichokwisha kukatwa hakirudi.