Walatino wa Marekani na Mkono wa Serikali: Majibu kwa Wasomaji

Baada ya safu hii kugusia wafanyabiashara wadogo na vibarua wa Marekani wenye asili ya Amerika ya Kilatini, barua zimekuja kutoka pwani, kutoka bara na kutoka kwa wasomaji wanaoishi huko huko Marekani. Nimechagua sita na kuzifupisha.

Mbona mnawaita Walatino? Mimi nimezoea kusikia Wahispania. (Msomaji, Mombasa)

Kwa Kiswahili Mhispania ni mtu wa Hispania, awe wa Madrid au wa Sevilla, na ukimwita hivyo mkulima wa Meksiko au fundi cherehani wa El Salvador utakuwa umempeleka katika bara lisilo lake. Neno linalotumiwa na serikali ya Marekani, Hispanic, linahusu watu wenye asili ya nchi zenye utamaduni wa Kihispania, si Hispania peke yake. Mwaka 1976 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kukusanya takwimu za Wamarekani wa asili hiyo, na mwaka uliofuata kundi hilo likaingia rasmi katika takwimu za shirikisho. Sensa ya 2020 ilihesabu watu milioni 62.1, karibu mmoja kati ya kila watano. Ndani ya hesabu hiyo yumo mtu wa asili ya Puerto Rico, ambaye ni raia wa Marekani tangu sheria ya 1917. Yumo mtu wa Texas ambaye mababu zake walikuwa pale kabla Texas haijawa ya Marekani. Na yumo aliyevuka mpaka juzi bila kibali. Kwenye fomu ya sensa wote huandikwa kundi moja, ila wakifika kwenye dirisha la mkopo hawafanani hata kidogo, na mengi nitakayoeleza hapa chini yanatokana na tofauti hiyo.

Je, ni kweli kwamba serikali huwapa mtaji kwa sababu tu ya asili yao? (Msomaji, Dar es Salaam)

Si kweli. Idara ya Biashara Ndogo, inayojulikana kama SBA, ilianzishwa mwaka 1953, na kazi yake kubwa si kugawa fedha bali kudhamini mikopo: benki ndiyo inayokopesha, na SBA huahidi kuifidia sehemu ya hasara iwapo mkopaji atashindwa kulipa. Mkopo mkuu wa aina hii unaweza kufika dola milioni 5, na ile midogo, inayopitia taasisi zisizo za faida, haizidi dola 50,000. Kuna pia vituo vya ushauri visivyotoza ada, ambavyo kwa maoni yangu ndivyo vinavyowafaa zaidi wanaoanza. Ofisi iliyolenga moja kwa moja biashara za makundi yaliyobaguliwa iliundwa na Rais Nixon mwaka 1969 na kupewa uhai wa kudumu kwa sheria mwaka 2021. Machi 2025 Rais Trump aliagiza ipunguzwe hadi kiwango cha chini kabisa kinachoruhusiwa na sheria hiyo. SBA yenyewe imewahi kuongozwa na Walatino kadhaa, akiwemo Aida Alvarez kuanzia 1997 na Isabella Guzman kuanzia 2021, lakini kiongozi wa asili yako hawezi kumlazimisha meneja wa benki akufungulie mlango.

Wakati wa UVIKO-19 tulisikia mabilioni yakigawiwa. Ilikuwaje wenye vibanda vya chakula na saluni ndogo wakalalamika kwamba hawakupata? (Msomaji, Nairobi)

Swali hili linastahili jibu refu, kwa sababu hapa ndipo udhaifu wa mfumo mzima ulipojionyesha. Sheria ya Machi 2020 ilitenga dola bilioni 349 kwa mikopo ambayo mfanyabiashara angesamehewa iwapo sehemu kubwa ya fedha ingetumika kulipa mishahara. Milango ilifunguliwa Aprili 3, na kufikia Aprili 16 fedha zote zilikuwa zimekwisha. Maombi yalipitia benki, na benki nyingi, zikiwa zimezongwa na foleni, zilianza na wateja wake wa zamani, hasa wale waliokwisha kukopa kwake na ambao hesabu zao zilikuwa tayari mezani. Mama anayeuza vyakula vya Kimeksiko Los Angeles, ambaye akaunti yake ni ya akiba tu na ambaye hajawahi kukopa popote, hakuwa na ofisa wa benki wa kumpigia simu. Zaidi ya hapo, mtu anayejiajiri mwenyewe hakuruhusiwa kuomba hadi Aprili 10, yaani siku sita tu kabla ya kapu kubaki tupu.

Bunge liliongeza zaidi ya dola bilioni 300 mwezi huo huo, lakini kikwazo kingine kilibaki, nacho kilikuwa kimefichwa ndani ya kanuni ya hesabu. Mkopo wa anayejiajiri ulikadiriwa kwa faida yake halisi baada ya kutoa gharama, kwa hiyo mchora kucha au dereva aliyekuwa na gharama nyingi na faida ndogo alistahili dola chache mno, au hakustahili chochote. Kanuni hiyo ilibadilishwa mapema mwaka 2021, ikaruhusu kutumia mapato ghafi, na serikali ikatenga siku 14 ambazo ni biashara zenye wafanyakazi chini ya 20 pekee zilizoweza kuomba. Wakati huo huo ilifafanuliwa kwamba wakazi halali wanaolipa kodi kwa namba maalumu ya wasio na namba ya hifadhi ya jamii wasikataliwe kwa sababu hiyo. Yalikuwa marekebisho mazuri yaliyokuja karibu mwaka mzima baadaye, na duka lililokwisha kufunga halifufuliwi na kanuni mpya.

Asiye na kibali cha kuishi anaweza kumiliki biashara? (Msomaji, Zanzibar)

Anaweza. Sheria ya 1986 humkataza mwajiri kumwajiri asiye na kibali cha kazi. Haimkatazi mtu huyo kumiliki kampuni. Kodi hulipwa kwa ile namba maalumu niliyoitaja, ambayo imekuwapo tangu 1996. Hata hivyo, Aprili 2025 Wizara ya Fedha na Wizara ya Usalama wa Ndani zilitia saini makubaliano ya kupeana taarifa za walipa kodi, yakapingwa mahakamani, na woga uliozuka unaeleweka. Kuhusu mikopo ya SBA asitegemee, kwani masharti ya uraia na ukaazi yamekazwa zaidi tangu mwaka huo huo.

Mimi ni Mkenya niliyepata uraia wa Marekani na nina kampuni ya usafi. Jirani yangu wa asili ya Kolombia anapata zabuni za serikali kupitia mpango wa 8(a). Je, nami naweza? (Msomaji, Ohio)

Ndiyo, ingawa njia si ile aliyopita jirani yako ikiwa aliingia zamani. Mpango huo, uliowekwa katika sheria mwaka 1978, humtengea mfanyabiashara aliyekumbana na ubaguzi baadhi ya zabuni za serikali ya shirikisho kwa muda usiozidi miaka tisa. Aliyezoea AGPO ya Kenya, mpango unaowatengea vijana, wanawake na watu wenye ulemavu sehemu ya zabuni za serikali, atauelewa haraka. Lazima angalau asilimia 51 ya kampuni iwe mikononi mwa raia, na mali yake binafsi, bila kuhesabu nyumba anayoishi na thamani ya biashara yenyewe, isizidi dola 850,000. Zamani Mlatino na mtu mweusi walichukuliwa moja kwa moja kuwa wamebaguliwa. Julai 2023 jaji wa shirikisho katika jimbo la Tennessee aliizuia SBA kutumia dhana hiyo, na tangu hapo kila mwombaji hutakiwa kueleza kwa maandishi yaliyomsibu yeye binafsi: mkopo alionyimwa, mkataba uliovunjwa, neno aliloambiwa, tarehe na mahali. Anza kukusanya barua na risiti zako sasa, na usiandike historia ya bara zima. Uliza pia hali ilivyo leo kabla ya kulipa mshauri yeyote, maana mpango huu umekuwa ukiandamwa sana.

Nafanya kazi katika kiwanda cha nyama pamoja na Waguatemala. Baadhi yao hawana makaratasi, na msimamizi hukata saa zao akijua hawatashtaki. Je, sheria inawalinda, na wale wa mashambani je? (Msomaji, Texas)

Sheria ya mishahara ya 1938 haiulizi makaratasi. Kima cha chini cha shirikisho ni dola 7.25 kwa saa, kiwango ambacho hakijaguswa tangu Julai 2009, na kila saa inayozidi 40 kwa wiki hulipwa mara moja na nusu. Kwa kazi iliyokwisha kufanywa, mfanyakazi anadai haki yake awe na kibali au asiwe nacho, kupitia kitengo cha mishahara cha Wizara ya Kazi au mahakamani, ndani ya miaka miwili, au mitatu ikiwa mwajiri alikosea kwa makusudi. Kumfukuza mtu kwa kuwa amelalamika ni kosa. Kasoro iko hapa: mwaka 2002 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba asiye na kibali, akifukuzwa kwa sababu ya shughuli za chama cha wafanyakazi, hawezi kulipwa mshahara wa kipindi alichokaa nje ya kazi. Wenzako waandike saa zao kila siku kwenye daftari lao wenyewe. Wakaguzi huyapokea maandishi hayo kama ushahidi.

Wa mashambani wana ulinzi mdogo zaidi. Sheria ya vyama ya 1935 iliwaacha nje, na hata ile ya 1938 haiwapi malipo ya saa za ziada. Ndiyo maana mgomo wa wachuma zabibu wa Delano, California, ulioanzishwa na Wafilipino mwaka 1965 na kuungwa mkono na chama cha viongozi wa vibarua wa mashambani, César Chávez na Dolores Huerta, uliishia kutafuta sheria ya jimbo: California iliwapa haki ya kujiunga na vyama mwaka 1975, na ya saa za ziada sawa na wafanyakazi wengine kwa sheria ya 2016. Kabla yao kulikuwa na vibarua wa Meksiko walioletwa kwa mkataba wa serikali mbili kuanzia 1942 hadi 1964. Miaka ya mwanzo walikatwa asilimia 10 ya mshahara, wakaambiwa ni akiba watakayoikuta nyumbani, na wengi hawakuikuta. Meksiko ilipoanza kulipa fidia katika miaka ya 2000, wazee hao walitakiwa kuonyesha makaratasi ya ajira waliyopewa ujanani.