Kuloweka mbegu kwenye homoni: dozi ndo iliniponza

Jamani nyie mnaoloweka mbegu kwenye homoni kabla ya kupanda, hasa hii jibereleni (ile GA3, homoni ya mimea inayochochea mbegu kuota na mche kurefuka), nisikilizeni kwanza maana mi miche nimeshaiharibu sana.

Mara ya kwanza, kwenye mahindi, dozi niliikadiria kwa jicho, nikaongeza na kidogo juu nikijua ndo yataota chapchap. Na kweli mahindi yaliwahi kutoka, nikafurahi, ila siku chache mbele miche ikawa mirefu, miembamba kama uzi, njano njano, ukimwagilia tu inalala. Baadaye ndo nasoma kwamba mwaka 1926 mtafiti wa Japani, Eiichi Kurosawa, alikuta mpunga unarefuka hovyo na kuanguka kwa sababu ya kitu kinachotolewa na kuvu, na kitu chenyewe ndo hii jibereleni! Yaani nilichokiona kwenye trei ndo alichokiona yeye kwenye mpunga.

Mbegu ikinywa maji inatengeneza jibereleni yake yenyewe, inaamsha vimeng'enya vya kuvunja wanga kuwa sukari, mche unaanza kula. Wewe unaongezea tu kidogo.

Siku hizi napima kwa mizani, nusu gramu kwa lita 10 za maji, na kwa sababu unga wake hauyeyuki vizuri kwenye maji naanza kuuyeyusha kwenye spiriti kidogo. Mahindi nayaloweka masaa 12 basi, kizizi kisichomoze, maana mbegu iliyokwisha toa mzizi ukiianika umeiua. Nasuuza, naanika kivulini mpaka uzito urudi karibu na wa mwanzo, napanda ndani ya siku chache kwa sababu hazikai. Mbegu zilizopakwa dawa ya rangi usiloweke kabisa, dawa inaishia kwenye maji na hayo maji ni sumu.

Halafu hili wengi wanaliruka: loweka fungu lingine kwenye maji matupu masaa hayohayo, lingine liache kavu, panda yote matatu pamoja. Kwangu mara nyingi la maji matupu linakaribiana kabisa na la homoni, kwahiyo usiipe homoni sifa ambayo ni ya maji. Tofauti naiona zaidi udongo ukiwa wa baridi. Hesabu zilizoota kila siku, na ukipima miche angalia unene wa shina pia, mana urefu ndo ulionidanganya.