Jike haangalii manyoya tu

Mhariri, swali lenu la wiki hii, iwapo jike wa mnyama humchagua dume kwa uzuri au kwa faida, limetenganisha mambo mawili ambayo kwa viumbe wengi huenda pamoja.

Ushahidi ninaoupenda ni wa mwanabiolojia Malte Andersson, aliyechapisha mwaka 1982 matokeo ya jaribio lake nchini Kenya juu ya ndege weusi wa nyikani ambao dume wao huota mkia wa takriban nusu mita msimu wa kuzaliana. Baadhi ya madume aliwakata mikia, vipande akavibandika kwa gundi kwenye mikia ya wengine, na wengine tena akawakata na kuwarudishia mikia yao wenyewe, ili ijulikane kama kule kukatwa ndiko kunakoleta tofauti. Waliorefushiwa ndio waliopata majike wapya wengi zaidi wa kujenga viota kwao. Waliofupishiwa hawakunyang'anywa maeneo yao, na hapo ndipo penye uzito wa jaribio lenyewe: si madume wenzao waliowashinda, bali majike waliwapita bila kuwachagua.

Mwaka 1975 mwanabiolojia mwingine, Amotz Zahavi, alikuwa ameshapendekeza kwamba pambo la namna hii ni mzigo ambao dume dhaifu hawezi kuumudu, hivyo jike anayeliangalia anapima afya. Hoja hiyo naikubali, ingawa si kwa kila mnyama. Wako wadudu ambao dume huja na windo mkononi, na jike hukatiza kujamiiana mapema akiona windo ni dogo. Hapo faida inalika papo hapo.

Kinachomfanya jike awe mchaguzi ni gharama, kwa kuwa mara nyingi yeye ndiye atagaye, abebaye mimba na anyonyeshaye. Pale dume anapoatamia na kulea, kama walivyo ndege watembeao juu ya majani ya yungiyungi, majike ndio wanaopigania madume.

Wala uchaguzi hauishii kwenye kupandwa. Mtetea akishashikwa kwa nguvu na jogoo mnyonge, husimama, hujikung'uta manyoya, na mara nyingi huzitoa nje mbegu za jogoo huyo. Watafiti wameona kwamba wanaotupiwa mbegu zao hivyo zaidi ni majogoo wa daraja la chini. Anayetazama kwa mbali atadhani mtetea ameshindwa, kumbe uamuzi bado uko kwake.