Uliomba. Je, Ulikwenda Kutazama?

Kwa miaka mingi nilikuwa mwombaji hodari na mtazamaji mvivu. Tukikesha Ijumaa, Jumapili nimeshasahau tuliomba nini. Ungenikamata sokoni ukaniuliza, "Mwinjilisti, lile ombi limefikia wapi?" ningebaki kukukodolea macho.

Aliyenigutusha ni mama mmoja wa jumuiya yetu. Kila Jumamosi alasiri tulikuwa tukitembelea wagonjwa hospitalini, na chupa mbili kubwa za uji, vikombe na Biblia. Tulikuwa wanne, wote wa umri wa kulalamikia magoti. Mwezi mzima tulimsihi Mungu atupe vijana. Siku hiyo nikiwa getini nanung'unika kwamba vijana wa siku hizi hawana wito, mama akanivuta shati: "Baba, na huyu je?"

Alikuwa kijana wa bodaboda aliyetuletea uji. Kumbe ilikuwa wiki ya tatu anabeba chupa hadi mlango wa wodi, kisha anasimama palepale, kofia ngumu mkononi, mpaka tuseme amina. Mimi nilikuwa namwona ni nauli tu. Tulipomkaribisha ndani alisema, "Nilikuwa nasubiri mniambie."

Nilirudi nyumbani na aibu, nikafungua 1 Wafalme 18. Nabii Eliya aliomba mvua juu ya mlima Karmeli, lakini pia alimtuma mtumishi wake akatazame upande wa bahari. Mara sita hakuna kitu. Mara ya saba ikaonekana wingu dogo kama mkono wa mtu, na hilo likamtosha Eliya kumtumia mfalme Ahabu ujumbe atandike gari. Mimi wingu la namna hiyo ningeliita moshi wa jikoni. Ningekaa vizuri zaidi na wale wa Matendo 12, waliokuwa wakiomba kwa ajili ya Petro aliyekuwa gerezani, na kijakazi Roda alipowaambia Petro yuko mlangoni, wakamjibu, "Una wazimu."

Tangu hapo nina daftari. Si ugunduzi wangu: George Müller, aliyelea yatima huko Bristol kuanzia 1836, aliandika maombi yake na majibu yake, pamoja na tarehe. Langu ni la kawaida la shule. Kushoto ombi, kulia nilichokiona. Ombi liandike kwa namna ambayo jibu likija utalitambua. "Bwana, bariki huduma" halipimiki. "Bwana, tupe mtu wa kubeba uji" unaweza kwenda kulitazamia. Na kabla ya kuomba mapya, soma ya zamani kwa sauti, mkiwa pamoja, maana jicho la mwenzako huona usichokiona.

Kuna kosa la upande wa pili, nalo nimelifanya. Niliwahi kusimama kanisani nikashuhudia kwamba mgonjwa wetu amepona, kwa sababu tu alikuwa ameketi kitandani na kumaliza kikombe. Watu wakapiga vigelegele. Jumatano tukamzika. Mume wake hakunilaumu hata kwa neno, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi. Kwa hiyo sasa naandika nilichokiona, basi: "Ameketi. Amekunywa uji. Ameomba tumsomee Zaburi." Habari ya kupona tunawaachia madaktari waseme, na familia ndiyo iamue kama itashuhudia. Kutarajia si kumsemea Mungu.

Na usidhani daftari limejaa upande wa kulia. Lipo ombi moja, la mtoto wangu mwenyewe, ambalo upande wake ni mweupe tangu ukurasa wa kwanza. Kila nikinunua daftari jipya nalinakili tena. Juzi alinipigia simu, tukaongea habari za mvua na bei ya mahindi, kabla ya kukata akauliza, "Baba, bado mnakwenda kule hospitali Jumamosi?" Nimeandika swali lake kwa penseli.