Nani aliimba, nani alipigiwa kura: majibu ya maswali yenu

Nilipoandika kwamba Peter Msechu alistahili kushinda Tusker Project Fame, shindano la kuimba la Afrika Mashariki, mwaka 2010, sikujua nimechokoza nyuki. Ujumbe umemiminika, wa kunipongeza na wa kunigombeza. Nimechagua maswali sita. Nayajibu kama mtazamaji tu, ila mtazamaji aliyefuatilia misimu yote sita ya shindano lile, tangu 2006 hadi 2013, na aliyekuwa akiandika alama zake kwenye daftari wimbo ukiisha, kabla majaji hawajafungua kinywa.

Msomaji wa Kampala: "Dada, Davis Ntare alishinda kwa haki. Unamtetea Msechu kwa sababu ni Mtanzania mwenzako."

Damu nzito kuliko maji, hilo silikatai. Lakini sikusema Davis alipendelewa. Watu walipiga kura, yeye akapata nyingi, Msechu akawa wa pili. Mimi nazungumzia kilichosikika.

Kaka, kilichonivuta kwa Msechu ni pumzi. Siku moja msikilize mwimbaji yeyote anapofika kwenye neno la mwisho la mstari. Wengi pumzi zimekwisha, neno linaanguka njiani, na ili kuficha aibu wanasogeza kipaza sauti pembeni au wananyoosha mkono kwa watazamaji waitikie. Msechu neno la mwisho alilibeba kama mtu aliyejitwika ndoo ya maji, hadi mlangoni bila kumwaga. Kwenye daftari langu hicho ndicho ninachokiangalia kwanza. Madoido ya sauti, kupanda na kushuka ngazi, hayo yanafuata.

Msomaji wa Dodoma: "Kwa nini Tanzania haikushinda Project Fame hata mara moja?"

Swali hili linaniuma, ngoja nilijibu taratibu. Washindi walikuwa Valerie Kimani wa Kenya 2006, Esther Nabaasa wa Uganda 2008, Alpha Rwirangira wa Rwanda 2009, Davis Ntare wa Uganda 2010, Ruth Matete wa Kenya 2012 na Hope Irakoze wa Burundi 2013. Majirani wamegawana, sisi tumebaki kupiga makofi.

Wapo wanaosema hatukupiga kura za kutosha. Huenda. Lakini Burundi ni nchi ndogo kuliko yetu na imeshinda, kwa hiyo kura peke yake haitoshi kueleza. Mimi naona tatizo kubwa lilikuwa lugha. Sehemu kubwa ya nyimbo za shindano lile zilikuwa za Kiingereza, na mwimbaji aliyekulia kwenye Kiswahili analazimika kufanya kazi mbili kwa wakati mmoja: kuimba, na kutamka.

Tena si matamshi tu. Maneno yetu karibu yote yanaishia kwenye irabu. Mdomo unabaki wazi, sauti inapata mahali pa kukaa, unaweza kuivuta unavyotaka. Sikiliza alivyoimba Bi Kidude, au Marijani Rajabu: ile "a" ya mwisho inakaa hewani mpaka msikilizaji anasahau kupumua. Maneno mengi ya Kiingereza yanafunga mdomo mwishoni, na mwimbaji asiyeyazoea anayakata kama mtu anayekata mua. Nimemwona mshiriki wetu akibanwa na wimbo wa Kimarekani, uso umekunjamana, halafu wiki nyingine akapewa wa Kiswahili na akawa mtu mwingine kabisa; hata mabega yalishuka. Laiti kila shindano la Afrika Mashariki lingetenga wiki nzima ya zilipendwa na taarabu, ambapo kila mshiriki, wa Kigali na wa Kampala naye, anaimba Kiswahili. Hapo ndipo tungepima sote kwenye mizani moja.

Msomaji wa Nairobi: "Ian Mbugua alikuwa mkali mno kwa wale vijana. Hukuona hivyo?"

Jaji yule wa Project Fame alikuwa mkali, ndiyo, na mimi nilimpenda hivyohivyo. Jaji anayemwambia mshiriki mahali alipotoka nje ya sauti amempa kitu cha kufanyia kazi kesho asubuhi. Anayemwambia "umependeza" hajampa kitu. Na washiriki aliokuwa akiwakosoa walikuwa wamekwishachujwa, wanakaa akademia, ile nyumba ya mafunzo ya shindano, wana walimu wa sauti. Walistahili kuambiwa ukweli.

Ukali unaonichoma ni ule wa kwenye usaili, pale watengenezaji wa vipindi wanapochagua watu wasiojua kuimba ili nchi nzima iwacheke. Miaka mingi iliyopita nilimsindikiza mdogo wangu kwenye usaili wa shindano moja, si katika haya ninayoyataja hapa. Tulifika saa kumi na moja alfajiri. Akabandikiwa namba ya karatasi kifuani kwa pini. Aliingia saa tisa alasiri, hajala, koo limekauka, na aliimba muda usiofika nusu dakika. Kwenye mstari wa pili sauti ikapasuka. Wakamshukuru, akatoka.

Baada ya wiki chache tukamwona kwenye televisheni, sote tumekaa sebuleni. Ule mstari uliopasuka ulirudiwa mara tatu, na chini yake wameweka mlio wa mbuzi. Binti huyu alikuwa akiimba sauti ya kwanza kwenye kwaya, na mwalimu wa kwaya alikuwa akimtegemea. Hakurudi tena mazoezini. Mpaka leo anaimba jikoni tu, akijua hakuna anayemsikia.

Kwa hiyo mkiniuliza nani mkali, sitamtaja jaji. Namtaja yule aliyekaa chumbani na kompyuta akachagua ule mlio. Watazamaji nasi tuna sehemu yetu, kwa sababu vipande vile ndivyo tunavyorushiana kwenye simu.

Msomaji wa Mwanza: "Washindi wanapotelea wapi? Wanachukua mamilioni halafu kimya."

Hawapotei wote, kaka. Walter Chilambo alishinda Bongo Star Search, shindano letu la kuimba hapa Tanzania, mwaka 2012, akachukua Sh50 milioni, na leo ni jina kubwa kwenye nyimbo za injili. Ruth Matete naye ameshika njia ya injili. Alpha Rwirangira alikwenda kusoma chuo kikuu Kentucky, Marekani, na akaendelea kuimba.

Ila nakubaliana nawe kwamba taji si tiketi. Kwenye shindano unapewa kila kitu: bendi, mavazi, mwalimu, taa, na wimbo ambao mtu mwingine ameshaufanya upendwe. Ukitoka unaambiwa leta wimbo wako. Hapo wengi hukwama, kwa sababu kwa miezi mitatu hakuna aliyewauliza wana wimbo gani. Fedha nazo huisha haraka kuliko watu wanavyofikiri. Studio, video, kuzunguka redioni, ndugu wenye shida. Mshindi wa miaka ishirini na kitu hana hata mtu wa kumsomea mkataba.

Ndiyo maana mara nyingi wanaodumu ni walioshindwa. Mwimbaji Jennifer Hudson alitoka nafasi ya saba American Idol, shindano la kuimba la Marekani, mwaka 2004, mwaka ambao Fantasia Barrino alishinda. Mwaka 2007 alikuwa ameshika tuzo ya Oscar. Kundi la One Direction walikuwa wa tatu kwenye The X Factor ya Uingereza mwaka 2010. Kwetu, Kala Jeremiah alipita Bongo Star Search siku zake za mwanzo, hakuondoka na taji, na akaja kuwa mmoja wa wanahip hop wanaosikilizwa kwa makini nchini. Patricia Kihoro wa Kenya hakushinda Project Fame 2009, lakini baadaye ulimkuta kwenye filamu, redioni na jukwaani. Hawa walitoka na hamu, na walikuwa na jambo la kusema hata kabla ya kamera kuwafikia.

Msomaji wa Kigali: "Ni haki mtu mmoja kupiga kura hamsini kwa simu yake?"

Hapana. Simu moja, kura moja kwa usiku mmoja. Mwenye vocha nyingi hana masikio mengi.

Mama wa Tanga: "Binti yangu ana miaka kumi na tisa, anataka kwenda usaili. Aimbe wimbo gani?"

Mama, shikamoo, na asante kwa kumsikiliza badala ya kumzuia.

Kwanza asichague wimbo wa Whitney Houston. Najua ndio anaoupenda, wote wanaupenda, na majaji watakuwa wameshausikia mara ishirini asubuhi hiyo, kila mara wakimlinganisha na mwenyewe. Achague wimbo wa Kiswahili ambao maneno yake anayaelewa kiasi cha kukusimulia wewe bila kuimba. Mwambie akusimulie kweli, mkiwa mnachambua mchele. Akikwama, wimbo huo si wake.

Pili, ufunguo. Wasichana wengi wanaanza juu mno kwa woga, wakifika kwenye kiitikio hawana pa kupanda. Atafute sauti ya kuanzia kwa kinanda cha kanisani au hata cha kwenye simu, aianze hiyohiyo kila siku mpaka iwe inamjia yenyewe, kwa sababu mle ndani hakuna atakayempigia chombo. Asianze mwanzo wa wimbo. Aanze pale penye utamu, maana anaweza kusimamishwa baada ya mistari miwili.

Wakimpa karatasi ya kutia sahihi, isomeni wote wawili kabla hajaandika jina, hasa pale panapohusu picha na sauti yake kutumika. Mbebee maji ya uvuguvugu na chapati, na akishakula asipige soga kwenye foleni, ahifadhi koo. Na wewe mama nenda naye. Ukae karibu na mlango atakaotokea.