Mnaoanza kazi kwenye mizeituni: tawi likikauka, likate muone ndani

Ndugu zangu mnaokuja kufanya kazi kwenye mashamba ya mizeituni huku upande wa Sevilla, kusini mwa Hispania, naomba mlishike hili kabla hamjakabidhiwa mkasi wa kupogolea, mimi lilinichukua misimu miwili kulielewa.

Utakuta tawi limekauka kuanzia nchani, majani yamekuwa kahawia, na tawi la jirani yake liko kijani kabisa. Wengi wanasema aah ni jua hilo, wanafyeka ile ncha kavu wanasonga mbele. Usifanye hivyo. Chukua kisu, kwangua gome taratibu ukishuka kuelekea kwenye shina, mwanzoni chini ya gome ni kahawia tupu, alafu utafika pale kijani kinapoanza. Rudi juu kidogo ukate kwenye ile kahawia uangalie: ukiona weusi umeingia ndani ya mti umechongoka kama kipande cha pizza, ncha yake iko katikati, basi hapo kuna fangasi. Huku anayesumbua sana anaitwa Neofusicoccum mediterraneum, na aina ya mizeituni inayoumia zaidi ni Gordal, ile ya zeituni kubwa za mezani.

Fangasi huyu anaingilia kwenye vidonda, yani pale ulipokata, pale mashine ya kutikisa mti ili zeituni zidondoke ilipochubua gome, au pale baridi kali ilipopasua. Angalia tawi kavu kwa karibu utaona vidoti vyeusi vidogo kama vichwa vya pini, humo ndo mbegu zake zinakaa, mvua ikinyesha zinatoka na matone yanazirusha kwenye kidonda kibichi. Mwaka wangu wa kwanza tulipogoa kwenye unyevu, matawi tukayalundika pembeni ya mistari yakakaa hapo miezi, msimu uliofuata miti ikaanza kukauka pale pale tulipopitisha mkasi. Iliniuma sana, kuna mizeituni mle ina umri kumzidi babu yangu.

Kwahiyo pogoa kukiwa kukavu, na ukikata shuka kama sentimita 10 hadi 15 chini ya kahawia mpaka ndani ya tawi pale ulipokata pawe safi kote, mkasi na msumeno ufute kwa spiriti kila unapohama mti, makovu makubwa yapakwe dawa ya fangasi yenye kopa (madini ya shaba), na matawi yaliyokatwa yatolewe shambani mapema, sheria ya pale ikiruhusu kuchoma yachomwe.

Msichanganye na Verticillium. Huyo pia ni fangasi ila anatoka udongoni, anapanda kupitia mizizi, unakuta upande mzima wa mti umenyauka na gome halina kidonda chochote, huyo mkasi haumwezi na anaweza kukaa kwenye udongo zaidi ya miaka 10. Ulizeni wenyeji kama shamba liliwahi kulimwa pamba, pamba inamlea sana.

Msimamizi akiwaharakisha mkate siku ya mvua, usibishane naye kwa maneno, beba kipande cha tawi ulichokikata na ile kahawia yake umwekee mkononi, alafu mpeleke kwenye mti kilikotoka aone kovu lililoanzisha.